Muulize Fundi: Nipande mtini na kisu gani?

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mimi ni mrina asali wa huku Sikonge. Kikundi chetu tunatundika mizinga kwenye mitundu na mininga, mita 8 hadi 12 kwenda juu. Siku hizi hatupandi kienyeji. Tuna mikanda ya kupandia na kamba mbili, moja ya mtu na moja ya kuteremshia mzinga. Msimu uliopita mwenzetu alikwama. Mzinga ulikuwa umejaa, kamba yake ikajibana kwenye panda ya tawi, mzinga ukawa haushuki wala haupandi, na umemlalia pajani. Nyuki wamechafuka, giza limeingia, panga liko chini. Ikabidi nipande nimpelekee. Alishuka salama, ila tumekubaliana kila anayepanda awe na kisu chake. Vijana wanataka vile vya kukunja vinavyouzwa mjini Tabora. Mimi naona tumpe kazi mhunzi wetu. Kipi ni salama?
Mrina asali, Sikonge.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Wengi wanaoniandikia kuhusu visu huuliza ukali. Ukali unapatikana kwenye kinoo, huo usikusumbue. Kisu cha kupandia mimi hukipima kwanza kikiwa hakina kazi: kimekaa wapi, kimefungwa na nini, na kuna njia gani kinaweza kujifungua bila ruhusa yangu.

Sababu ni hii. Kamba iliyobeba mtu si kamba ile uliyoiona imeviringishwa dukani. Chukua kipande cha nailoni cha milimita 10, kifunge kwenye tawi, ning'iniza gunia la mahindi lililojaa, simama pembeni, halafu gusa kamba kwa makali. Usikate, gusa tu. Nyuzi zitaachia zenyewe, moja inaivuta nyingine, na gunia litakuwa chini kabla hujavuta mkono mara ya pili. Kipande hichohicho kikilegea utakikereza mpaka uchoke. Wafanyeni vijana wako wajaribu wote, kila mmoja kwa mkono wake. Nimefanya kazi ya minara miaka mingi kabla sijastaafu na kuanza kufuga nyuki hapa Uyui, na sijaona somo linaloingia haraka kama hilo.

Basi fikiria kisu kinachofunguka chenyewe mfukoni. Nimekiona. Mwenzetu mmoja alipanda mnara na kisu cha kukunja cha bei poa, springi imelegea, kimewekwa mfuko wa mbele wa suruali. Kila alipoinua goti, kisu kilifunguka kidogo. Alipofika juu na kuketi kwenye mkanda, ncha ilishatoboa kitambaa na inachungulia nje, upana wa ukucha, sentimita chache kutoka kwenye kamba yake fupi ya kujishikiza. Kamba ilikuwa na manyoya mahali pamoja. Tuliikata vipande hapohapo tulipomshusha ili asije mtu akaitumia tena. Yeye mwenyewe hakuwa amehisi lolote, suruali ilikuwa nene.

Kwa hiyo vijana wakienda mjini kununua cha kukunja, wasikubali muuzaji awaoneshe namna kinavyokata karatasi. Waombe mambo mengine. Kisu kikiwa kimefungwa, wakishike kwa mpini, wakielekeze chini na kukitikisa kwa nguvu: bapa lisichungulie hata kidogo. Kikiwa wazi, vidole vyote viwe nyuma ya njia ya bapa, wagonge mgongo wa kisu juu ya ubao: kisijikunje. Kisipopita yote mawili, kirudi kwenye meza. Visu vya Opinel vya Ufaransa, vile vya mpini wa mti, vina pete ya chuma shingoni ambayo unaizungusha kuzuia bapa. Pete hiyo ilianza mwaka 1955, na za siku hizi hufunga bapa likiwa wazi na likiwa limekunjwa. Hicho ndicho ninachokitafuta. Petzl, nao wa Ufaransa, wana kimoja kinachoitwa Spatha, kina tundu kubwa la kupitisha karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa springi, ili kining'inie kwenye mkanda bila mfuko. Wapanda milima wanakipenda na wana haki. Kwenye mnara ningekichukua bila kujiuliza.

Lakini ninyi hamko kwenye mnara. Ninyi mna asali.

Asali ikiingia kwenye kiungo cha kisu cha kukunja, bado unaweza kuiosha. Gundi ya nyuki ni mkasa mwingine. Ile ya kahawia wanayozibia nyufa, ikipata joto la mkono wako hulainika na kujipenyeza, usiku ukipoa hukaza, na asubuhi unahitaji koleo kufungua kisu chako mwenyewe. Spiriti huiyeyusha, ndiyo, ila hakuna mtu atakayekuwa anasafisha visu kwa spiriti kila akishuka mtini. Halafu kuna glovu. Visu vingi vya mfukoni, pamoja na vile vyekundu vya Uswisi ambavyo kila mtu anavitamani, hufunguliwa kwa kuingiza ukucha kwenye kijishimo cha bapa. Vaa glovu zako za ngozi, funga macho, tumia mkono mmoja, ule usioutumia kulia chakula. Umefungua? Basi.

Mkono mmoja nausisitiza kwa sababu wa pili huwa una kazi. Mwaka 1985 huko Peru, kwenye mlima Siula Grande, Waingereza wawili walikuwa wanashuka kwenye dhoruba. Joe Simpson alikuwa amevunjika mguu, na Simon Yates anamteremsha kwa kamba mbili zilizoungwa, akiwa ameketi kwenye shimo alilochimba thelujini. Simpson akapita ukingo wa genge la barafu na kubaki ananing'inia hewani. Uzito ukaanza kumvuta Yates atoke kwenye shimo lake. Kisu kilikuwa kwenye mkoba wa mgongoni. Alikitoa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kamba, akakata. Simpson akaangukia kwenye ufa wa barafu, akatoka, akatambaa siku kadhaa hadi kambini; wote wawili wakapona. Watu wamebishana tangu hapo kama ilikuwa haki kukata, na mimi naona alikuwa na haki. Lakini ninachokitazama mimi ni ule mkoba. Mtu anavutwa kwenda kufa, na anatafuta zipu.

Kwa kazi yenu, mwanangu, nakubaliana nawe: mwendeeni mhunzi. Akitengeneze kwa chuma cha springi ya gari, ambacho wahunzi wetu wanakijua. Bapa lisizidi sentimita 8, maana kamba yenyewe ni milimita 10 au 12. Urefu wa ziada ni wa kujichoma. Chuma hicho kitapata kutu, kwa hiyo mkipake mafuta ya kula mkikiweka. Na ncha, mwambie asikitengenezee kabisa. Mgongo wa kisu ushuke ukutane na makali mbele, kiwe butu kama visu vya mabaharia, wanaofanya kazi ya kamba kwenye chombo kinachoyumba. Utakuwa unakitumia gizani, nyuki wako kwenye wavu wa usoni, karibu na paja na tumbo lako. Ncha itakusaidia nini hapo?

Ala ndiyo itakayowapa shida. Ya ngozi ikilowa hulainika, ikikauka hukakamaa, na ikinywa asali hugeuka nyumba ya sisimizi. Tumieni bomba la maji la plastiki. Kata kipande kirefu kidogo kuliko bapa na mwanzo wa mpini, kipasue upande mmoja. Kipashe moto juu ya makaa, mbali kidogo, nje ya nyumba, ukikigeuzageuza mpaka kiwe laini na kikunjike bila kurudi. Kisiungue, kikianza kutoa moshi ondoa, na moshi huo usiuvute. Kifungue kilale tambarare, ukikunje kuzunguka kisu ulichokizungushia karatasi moja, weka katikati ya mbao mbili na uzikalie mpaka kipoe. Pale mpini unapoanza kunenepa, plastiki itakuwa imeukumbatia. Toboa matundu ukingoni ukaze kwa ribiti au boliti ndogo. Chini kabisa acha tundu maji na asali vitoke, lakini makali yasichungulie hapo.

Kisha ukipindue. Kisu kikiwa ndani, kichwa chini, kitikise kama unataka kuvunja mkono. Kikianguka, pasha tena ubane. Kisipoanguka, jaribu kukitoa kwa kusukuma ukingo wa ala kwa kidole gumba huku vidole vingine vimeshika mpini. Kinapaswa kutoka kwa mlio mdogo wa "tak". Kikihitaji mikono miwili, kimebana mno.

Ala ifungwe kwenye mkanda, mbele kidogo ya nyonga, mahali mikono yote miwili inapafikia ukiwa umening'inia. Si mgongoni. Si kwenye buti, maana siku ukibanwa pajani hutaufikia mguu wako. Mpini uzungushie tepu nyeupe. Najua wengi wenu mnarina kwa tochi yenye mwanga mwekundu kwa kuwa nyuki hawauoni, na nyeupe itaonekana chini ya mwanga wowote ule. Halafu kifungwe uzi imara kutoka mpini hadi kwenye mkanda, wenye urefu wa kukuruhusu kunyoosha mkono juu ya kichwa na usizidi hapo. Uzi mrefu kuliko hivyo hushika matawi. Bila uzi, kisu kikikuponyoka kinamwendea aliye chini, na aliye chini ndiye anayekushikia kamba.

Sasa, kukata. Nitasema polepole kwa sababu hapa hakuna kurudia. Kabla kisu hakijatoka kwenye ala, jifunge kwenye shina au tawi nene kwa kamba yako fupi, hata kama unaona kamba kubwa inakutosha. Kisha shika kamba yako kubwa pale inapotoka kiunoni na uifuate kwa mkono kwenda juu, mpaka uone kwa macho au uguse inapoishia. Rudi, shika ya mzinga, ifuate vivyo hivyo. Gizani kamba mbili za rangi moja hazina tofauti, ndiyo maana nawaomba msinunue mbili za rangi moja. Ya mtu iwe nyeupe, ya mzinga iwe ile ya buluu. Paza sauti walio chini waondoke, mpaka wakujibu. Mzinga uliojaa ni kilo 20 na zaidi, na kamba yenye mzigo huwa imevutika: ukiikata, kipande cha juu kitarudi kwa kasi kuelekea inakotoka. Uso usiwe kwenye njia hiyo. Kata kuelekea nje, makali yakienda mbali na mwili wako na mbali na kamba nyeupe. Kamba ikiwa imelegea, usiikereze hewani; ikunje iwe kitanzi, pitisha bapa ndani ya kitanzi, vuta kuelekea nje.

Na kabla ya hayo yote, angalia kama huwezi kuinua mzinga sentimita tano tu, kwa msaada wa aliye chini, ukaitoa kamba kwenye panda. Nyuki wanapochafuka mtu hukimbilia kukata. Harufu wanayotoa wakichoma inafanana na ndizi mbivu, ukiisikia jua wanaitana, na hapo akili hubaki ya kushuka tu. Ndiyo maana utaratibu mnaufanya chini, mchana, mara nyingi, mpaka mikono iujue bila kuuliza kichwa.

Kuna jambo moja kwenye barua yako limenitisha kuliko suala la kisu. Kamba ya mzinga ilipita kwenye panda ya tawi. Je, ya mtu ilipita wapi? Kama zote mbili zilipita panda moja, basi mlikuwa na kisu juu tayari na hamkujua. Kamba ya plastiki inayokimbia ikiwa na mzigo, ikipita juu ya nyingine iliyotulia, huchoma sehemu ileile moja. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi joto mia mbili na kitu, ile ya buluu ya polipropilini huyeyuka kwenye 165 hivi, na msuguano unafika huko upesi mno. Ile inayokimbia inapoa kwa kuwa haisuguliwi mahali pamoja. Iliyotulia ndiyo inayokatika, na iliyotulia ni ya mtu. Kila kamba na tawi lake. Ya mzinga ipiteni kwenye kapi, hata kapi dogo la kisimani, lililofungwa kwenye tawi kwa kitanzi chake. Haitajibana tena, na kisu chenu kitazeeka kwenye ala.

Panga liendelee kukaa chini. Likihitajika, livutwe kwa kamba, likiwa limevikwa gunia.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wafugaji nyuki Urambo. Tulinunua visu vyenye meno kwenye nusu ya makali. Vilikuwa vizuri. Tukampa mnoa visu wa baiskeli, sasa meno yamelala na havikati kitu. Tuvitupe?
Mama wa mizinga, Urambo.

JIBU: Njema mama, shikamoo kama umenizidi. Usivitupe. Meno yanang'ata nailoni na mikanda ya kufumwa vizuri kuliko makali laini, hasa ile iliyolegea, lakini hayanolewi kwa jiwe la kuzunguka. Linapita juu ya vilele vyote na kuvisawazisha. Kila bonde linataka tupa yake ya mviringo, nyembamba, kama ile ya kunolea mnyororo wa msumeno, na unapitisha upande mmoja tu, ule uliochongwa tangu kiwandani. Upande wa pili unafuta tu vinyweleo vya chuma vilivyoachwa na tupa. Ni kazi ya jioni nzima kwa kisu kimoja. Kama meno yameisha kabisa, mwambie mnoaji amalizie kabisa abakishe makali laini, na kisu kitaendelea kufaa kwa kamba za katani na zile za magome. Mnoaji msimlaumu, hakuna aliyemwambia.

SWALI: Je, kisu nikikifunga kwa uzi na kukivaa shingoni si ndiyo rahisi zaidi kukifikia?
Kijana, Nzega.

JIBU: Rahisi, ndiyo, na tawi litaufikia uzi huo kwa urahisi uleule. Ukiteleza ukiwa umening'inia kwa shingo, kisu unacho na huwezi kukitumia. Kwenye mkanda, kijana.

SWALI: Shikamoo fundi. Napanda michikichi hapa Mwandiga, Kigoma. Natumia mkanda wa kamba unaozunguka shina na mgongo wangu, na panga la kukatia makuti na mikungu. Nimesoma unasema panga libaki chini. Kwetu haiwezekani, panga ndiyo kazi yenyewe. Nibebe na kisu pia?
Mpanda michikichi, Mwandiga.

JIBU: Marahaba. Umesema kweli, na kwako nabadilisha jibu. Mrina asali anashusha mzinga kwa kamba, wewe unapiga panga. Hatari yako si kukosa cha kukatia, ni kuwa na kingi. Kuti likikataa kukatika pigo la kwanza, la pili linakuja na hasira, panga linateleza kwenye miiba na kushuka kwenye shina, na mkanda wako upo hapohapo kwenye shina. Nani amekwambia panga linachagua?

Kwa hiyo pesa ya kisu iweke kwenye mkanda. Wakata miti wa nchi nyingine wanatumia mkanda wa kamba wenye waya wa chuma katikati. Panga linaweza kuula uzi wa nje, lakini waya haukatiki kwa pigo moja lililoteleza, unapata nafasi ya kushuka. Si ruhusa ya kuupiga. Na mchikichi ulio karibu na nyaya za umeme usiupande na mkanda huo, chuma hupitisha umeme. Kwa kweli usiupande na mkanda wowote.

Ila ujue unachokipokea: mkanda wa waya hautaweza kuukata ukikwama. Lazima uwe na kikaza unachoweza kukilegeza kwa mkono mmoja huku uzito wako ukiwa juu yake. Kabla ya kulipa, ufunge kwenye nguzo futi tatu kutoka chini, lalia nyuma kabisa, halafu ulegeze. Usipolegea ukiwa umeulalia, mwachie muuzaji. Kisu kidogo butu kwenye ala bado kibebe, kwa ajili ya kamba ya kushushia mikungu, upande ulio mbali na mkono wa panga. Na angalia urefu: mikanda hii mara nyingi huuzwa mirefu kuliko shina la mchikichi linavyohitaji, na ule mkia unaobaki ndio utakaokutana na panga kwanza. Ukunje, ufunge kiunoni.